Karatasi Mlangoni: Watumishi wa Biro za Kura katika Miji Midogo ya Kongo, 1957–2023

Historia ya uchaguzi nchini Kongo imekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila mara imeandikwa kutoka juu: majina ya wagombea, mapatano ya vyama, hukumu za mahakama, hesabu ya mwisho iliyosomwa Kinshasa mbele ya kamera. Mtu wa chini kabisa katika kazi hiyo, yule aliyeketi nyuma ya meza ya darasa tangu kabla ya kukicha, akakagua kadi za wapiga kura, akawachovya vidole katika wino na usiku akahesabu karatasi kwa mwanga wa taa, huyo hatajwi. Akitajwa, hutajwa kwa jumla tu, kama wapagazi wanavyotajwa katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19. Hata hivyo yeye na mashahidi wa vyama walioketi ukutani ndio walioziona kura zenyewe. Wengine wote, kuanzia mkuu wa tume hadi mwandishi wa gazeti, waliona karatasi zilizoandikwa juu ya kura hizo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Kura ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya zamani si chaguo la mtu bali ni bahati: kijiti au kokoto linalotupwa ili Mungu au ajali ikate shauri. Wakristo wa Kongo Mashariki waliikuta maana hiyo katika Biblia, kwenye habari ya Mitume waliomtafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda. Kando ya neno hilo, Kiswahili cha Kongo kina neno sauti, lililofuata mfano wa Kifaransa: mgombea hupata sauti mia tatu, au sauti elfu kumi. Hivyo lugha moja ina picha mbili za tendo moja. Katika picha ya kwanza kitu kinaanguka chenyewe; katika ya pili kitu kinatoka kinywani mwa mtu mwenye nia. Kazi ya mtumishi wa biro ni kuigeuza sauti iwe karatasi, kisha karatasi iwe tarakimu, bila ya kuipotosha njiani. Katika historia ya nchi hii kazi hiyo imewahi kufanywa vizuri, imewahi kufanywa vibaya, na kwa mwaka mmoja ilifutwa kabisa.

Kura ya kwanza ya Wakongomani chini ya utawala wa Wabelgiji ilipigwa Desemba 1957, katika miji mitatu tu: Léopoldville, Elisabethville na Jadotville. Jadotville, ambayo leo ni Likasi, ilikuwa mji wa shaba na kobalti, mji ambao maisha yake yalipimwa kwa ving'ora vya Union Minière. Sheria iliyofungua njia ni amri ya 26 Machi 1957 juu ya miji. Waliopiga kura ni wanaume peke yao, tena wenye umri wa miaka 25 na zaidi, na waliochaguliwa ni washauri wa komini, si wabunge. Utawala wa kikoloni uliuendesha uchaguzi huo kama ulivyoendesha sensa na kodi, kwa daftari, mihuri na makarani. Ni katika daftari hilo lililo jembamba kwa sura ambamo swali zito la siasa ya Katanga liliandikwa kwa mara ya kwanza kwa majina na hesabu: nani ni mtu wa mji huu? Huko Elisabethville wengi wa waliopata uongozi wa komini za Waafrika hawakuwa wenyeji wa Katanga bali watu waliotoka Kasai na Kivu kuja kufanya kazi. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1958, chama cha CONAKAT kilizaliwa. Haitakuwa haki kusema kwamba makarani wa kura ndio waliozaa chama hicho. Lakini hesabu yao ndiyo iliyowaonyesha watu jambo ambalo hadi siku ile lilikuwa mnong'ono tu.

Makarani hao hawakuacha kumbukumbu zinazojulikana kama ile ya watumishi wa nyumbani wa mji huohuo. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Elisabethville kijitabu cha historia ya mji kama ilivyoonekana kutoka jikoni na uani, na mwaka wa 1990 Johannes Fabian alikitoa pamoja na maelezo yake. Tangu hapo kila mwanafunzi wa Kiswahili cha Katanga anakijua. Makarani wa kura wangali wanamngoja Yav wao.

Miaka miwili na nusu baada ya Desemba 1957 nchi nzima ilipiga kura. Mkutano wa Meza ya Mviringo ulimalizika Brussels tarehe 20 Februari 1960, sheria ya uchaguzi ikatolewa tarehe 23 Machi, na Mei watu wakaitwa kuchagua wabunge 137 pamoja na mabaraza ya majimbo. Miezi isiyotimia mitatu kutoka meza ya Brussels hadi sanduku la kijijini! Kazi iliangukia mikononi mwa utawala wa teritwari, ambao wakuu wake Wabelgiji walikuwa wakifunga masanduku yao ya safari. Kwa wapiga kura wasiojua kusoma, jina lililochapwa ni mchoro tu, na kila mahali ambapo mchoro huo unahitaji kufasiriwa, mfasiri anakuwa na nguvu kuliko sheria. Katika Katanga CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la jimbo, ikaitangulia kambi ya BALUBAKAT kwa viti vichache mno. Kutokana na baraza hilo likatoka tangazo la kujitenga la 11 Julai 1960. Anayedharau kosa la karani mmoja katika biro ya pembezoni na aifikirie tofauti hiyo ya viti.

Uchaguzi wa 1965 ulifanyika nchi ikiwa bado inanuka moshi wa uasi wa Mashariki. CONACO ya Moïse Tshombe ilitangazwa kupata viti 122 kati ya 167, na matokeo ya baadhi ya maeneo yalibatilishwa mahakamani. Kabla mabishano hayo hayajatulia jeshi lilitwaa madaraka, tarehe 24 Novemba 1965, na kwa miaka arobaini na moja iliyofuata hakukuwa tena na uchaguzi wa vyama vingi wa kuwapata viongozi wa taifa.

Haina maana kwamba watu hawakuitwa kwenye masanduku. Waliitwa mara nyingi. Katiba ya 24 Juni 1967 iliwapa wanawake haki ya kupiga kura ambayo uhuru wenyewe ulikuwa umewanyima kwa miaka saba. Lakini waliipokea haki hiyo wakati ambapo thamani yake ilikuwa inaliwa na mchwa. Mwaka wa 1970 mgombea wa urais alikuwa mmoja, Mobutu, na mpiga kura aliwekewa kadi mbili: ya kijani kwa anayekubali, nyekundu kwa anayekataa. Rangi ilionekana na kila aliyekuwapo. Matokeo rasmi yalikuwa zaidi ya milioni kumi waliokubali na 157 waliokataa. Tarakimu hiyo ya 157 yastahili kutazamwa kwa utulivu na yeyote anayejifunza kazi ya biro. Ama watumishi wa nchi nzima, kutoka Matadi hadi Kalemie, waliziokota kadi nyekundu 157 na kuziandika kwa uaminifu mmoja mmoja, ama kuna mtu mahali fulani aliyeona kwamba sifuri ingekuwa aibu.

Novemba 1975 hata kadi ziliachwa. Wajumbe wa baraza la taifa waliteuliwa na chama, kisha majina yao yakasomwa hadharani viwanjani, na wananchi wakayapitisha kwa makofi na vigelegele. Neno sauti lilirudi katika maana yake ya masikio. Hapakuwa na daftari, wala sanduku, wala mtu wa kuhesabu, kwa kuwa makofi hayahesabiki. Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa mchezo wa kuigiza tu na kwamba haustahili nafasi katika historia ya uchaguzi. Maoni hayo yana haraka. Mwaka wa 1975 unaonyesha, kwa njia ya kukosekana, kile ambacho mtumishi wa biro hufanya. Bila yeye umati una sauti moja. Ni yeye anayeugawa uwe watu, kila mmoja na jina lake, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja akiwa peke yake kwa dakika moja nyuma ya pazia. Ndiyo sababu utawala wa chama kimoja uliweza kuishi pamoja na makofi kwa raha kuliko ulivyoishi na kibanda cha siri. Uchaguzi wa wabunge wa 1977, 1982 na 1987 ulirudisha masanduku na wagombea zaidi ya mmoja, wote wa chama kilekile.

Kisha ukaja ukimya. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1987 alitimiza umri wa kupiga kura mwaka wa 2005 bila ya nchi yake kupiga kura hata mara moja kati ya miaka hiyo. Vyama vingi viliruhusiwa kwa hotuba ya 24 Aprili 1990, Mkutano Mkuu wa Taifa ukakaa na kuondoka, serikali ikaangushwa 1997, vita vikaanza tena 1998, sanduku halikuonekana. Mapatano ya Desemba 2002 ndiyo yaliyounda Tume Huru ya Uchaguzi, ikaongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu, mtu wa Butembo aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben. Tarehe 20 Juni 2005 uandikishaji ulianza Kinshasa na baadaye majimboni. Watu zaidi ya milioni 25 waliandikwa, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, wakapewa kadi. Kwa kuwa hakukuwa na kitambulisho cha taifa, kadi hiyo ya mpiga kura ikawa kitambulisho chenyewe. Katika vizuizi vya barabarani vya Ituri na Kivu ilikuwa ndiyo jibu la swali la askari, na wengi walipanga foleni kwa ajili ya jibu hilo kabla ya kuwaza juu ya mgombea yeyote.

Kura ya maoni ya 18 na 19 Desemba 2005 ilikuwa kama mazoezi; asilimia 84.31 waliikubali katiba. Mtihani wenyewe ulikuja 30 Julai 2006: wagombea 33 wa urais, na zaidi ya 9,000 wa ubunge kwa viti 500. Biro zilikaribia 50,000. Sheria ya 9 Machi 2006 ilitaka kila biro iwe na prezida, wasaidizi wawili, mwandishi na msaidizi wa akiba, yaani watu watano. Hivyo siku ile yapata robo milioni ya Wakongomani walikaa nyuma ya meza. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya dola iliyokusanya watu wengi kiasi hicho kwa siku moja bila silaha mkononi.

Walitoka wapi? Katika miji midogo jibu lilikuwa karibu lilelile: shuleni. Biro nyingi zilikuwa madarasa, na aliyejua kuandika vizuri, kuhesabu bila kukosea na kuwatuliza watu arobaini kwa wakati mmoja alikuwa mwalimu. Huyo ndiye mwalimu ambaye tangu miaka ya 1990 mshahara wake ulitoka mifukoni mwa wazazi, kwa kuwa wa serikali ulikuwa haufiki au haukutosha kununua mfuko wa unga. Sasa wazazi wale wale walisimama mbele yake wakiwa wapiga kura. Wapo aliowadai karo za watoto wao. Wapo waliomdai yeye dukani. Mjini Kinshasa mtumishi wa biro aliweza kuwa mgeni kwa watu wa foleni. Katika mji mdogo hakuna mgeni. Alijua nani ni shemeji wa mgombea gani, nani aliuziwa mbuzi wiki iliyopita, nani alikula harusini kwa nani. Sheria ilimtaka awe macho yasiyotambua mtu, naye alikuwa amekulia katika mtaa ule.

Ugumu ulianza na adabu. Mpiga kura anapoingia, kadi yake husomwa na jina lake hutafutwa katika orodha, na ili mashahidi wa vyama wafuatilie, ni lazima jina lisikike. Katika jamii nyingi za Kongo Mashariki mkwe haitwi kwa jina; mzee hatakiwi kujieleza mbele ya kijana; mama wa makamo haambiwi «wewe ni nani» na mtu aliyemwona akizaliwa. Mwandishi wa biro aliyeinua macho akamwona baba mkwe wake mlangoni alikuwa na sekunde chache za kuamua kati ya desturi na daftari. Njia iliyokuwa nyepesi ilikuwa kumpa msaidizi orodha na kujifanya anatafuta kalamu. Kwa wengine zilitosha zile tamko za heshima za kawaida, «Mzee, tuazime kadi yako», «Mama, kidole hapa, pole», na foleni ikasonga. Mambo haya hayamo katika kitabu cha mafunzo, na kitabu chenyewe kilikuwa cha Kifaransa.

Hapo ndipo mtumishi wa biro alipokuwa mtu wa lugha kuliko alivyokuwa mtu wa siasa. Sheria, fomu, mhuri na maelekezo vilikuja kwa Kifaransa. Foleni ilisema Kiswahili, na nyuma ya Kiswahili lugha za nyumbani, Kinande, Mashi, Kiluba, Kilendu. Kila neno lilipaswa kuvushwa papo hapo mbele ya mashahidi waliosikiliza kwa tuhuma. Kuna karatasi tupu, ambayo mpiga kura hakuitia alama yoyote, na kuna karatasi batili, iliyoharibika: yenye alama mbili, iliyochanwa, au iliyoandikwa jina la mwenyewe. Kifaransa kinazitenganisha kwa maneno mawili mafupi. Katika Kiswahili cha mezani zote mbili huweza kuitwa «kura iliyokufa», na kumbe moja ni ya mtu aliyekosea, nyingine huenda ni ya mtu aliyekataa wote kwa makusudi. Mwandishi asiyezitenganisha alipofasiri humwondolea mtu huyo wa pili neno lake la pekee alilolisema siku ile.

Mwaka wa 2006 karatasi zilikuwa na picha za wagombea, majina, namba na alama za vyama, ili asiyesoma aweze kuchagua kwa uso au kwa alama. Mahali ambapo wagombea wa ubunge walikuwa wengi karatasi ilikuwa pana kama gazeti lililofunguliwa, na katika baadhi ya maeneo ya Kinshasa ilikuwa na kurasa kadhaa. Mzee mwenye macho dhaifu aliweza kukaa kibandani robo saa. Sheria ilimruhusu asiyeweza kupiga kura peke yake aingie na mtu aliyemchagua mwenyewe, na jambo hilo liandikwe. Kifungu hicho ni cha busara, lakini katika mji mdogo mtu aliyechaguliwa alikuwa mwana, na mwana ana chama.

Saa kumi na moja jioni mlango ulifungwa kwa wapya, na waliokuwa tayari kwenye foleni walimalizwa. Kisha ikaanza kazi ambayo kwa kweli ndiyo uchaguzi. Sanduku lilifunguliwa mbele ya wote. Karatasi ilikunjuliwa, ikainuliwa ili ionekane, jina likasomwa kwa sauti, fimbo ikachorwa kwenye fomu, nyingine, nyingine. Kura za rais, kisha kura za ubunge zenye majina mengi. Watu waliokuwa wameamka saa tisa za usiku walihesabu hadi alfajiri ya pili kwa taa za betri na mishumaa, wengi bila ya kula. Shahidi wa chama aliposinzia na kuzinduka alidai mwanzo urudiwe. Hesabu ilipogoma, kwa mfano saini mia tatu na kumi na mbili katika orodha na karatasi mia tatu na kumi na moja sandukuni, hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Mwishoni iliandikwa hati ya kumbukumbu, ambayo kila mtu huiita PV, na fishi ya matokeo. Watumishi walitia saini, mashahidi nao, na nakala moja ya fishi ikabandikwa mlangoni pa darasa.

Karatasi hiyo ya mlangoni ni kitu kidogo, nayo ndiyo kiini cha habari hii. Usiku ule mji mzima ungeweza kuja na tochi na kusoma. Fishi ilisema: hapa, katika darasa la tatu la shule hii, huyu alipata kadhaa na yule kadhaa. Kila aliyeisoma aliweza kuilinganisha na alichokijua juu ya jirani zake. Mpaka hapo, udogo wa mji uliokuwa adui wa siri uligeuka kuwa mlinzi wa hesabu, maana ni vigumu kuwadanganya watu mia nne juu ya wenyewe. Hatari ilianza bahasha zilipofungwa kwa lakiri na kupakiwa kwenye pikipiki, mtumbwi au kichwani, kuelekea kituo cha kukusanyia matokeo. Mlangoni karatasi ilikuwa na mashahidi. Njiani ilikuwa na mbebaji na mvua.

Si wote waliorudi nyumbani. Katika duru ya pili, mwishoni mwa Oktoba 2006, huko Fataki katika Ituri, askari aliwapiga risasi watumishi wawili wa uchaguzi, wakafa. Wakazi walighadhibika, wakaharibu vituo vya kura, na baadaye kura ikarudiwa hapo. Katika hesabu kubwa ya duru ile, asilimia 58.05 kwa Joseph Kabila na 41.95 kwa Jean-Pierre Bemba, tukio la Fataki halionekani. Wawili hao walikuwa wamemaliza, au karibu kumaliza, siku ya kazi ambayo posho yake ilikuwa bado kulipwa.

Uchaguzi wa 28 Novemba 2011 ulionyesha kasoro mahali palepale pa zamani, yaani baada ya mlango. Vituo vya kukusanyia matokeo vilikuwa 169. Huko Kinshasa, kwenye uwanja wa FIKIN, mafurushi ya kura yalirundikwa yakikanyagwa, na wachunguzi wa Carter Center walieleza kwamba matokeo ya biro karibu 2,000 za mji huo yalipotea. Katika maeneo kadhaa ya Katanga, kinyume chake, hakuna kilichopotea: wapiga kura walitangazwa kufika kwa asilimia 99 au 100, na karibu wote wakiwa na nia moja. Anayeijua kazi ya biro hahitaji kuwa mtaalamu wa takwimu ili ashtuke. Tangu siku ya kuandikishwa hadi siku ya kura kuna waliofariki, waliohama, waliolazwa hospitalini na waliokwenda machimboni. Na wapo watumishi wenyewe waliopangiwa mbali na nyumbani. Biro yenye asilimia mia ni biro ambayo hakuna mtu aliyekaa mezani, ama aliyekaa alikuwa ameinamisha kichwa.

Tarehe 30 Desemba 2018 mashine ilikaa kati ya mpiga kura na karatasi. Aligusa uso wa mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa, naye akatia karatasi sandukuni. Hesabu rasmi ilibaki ya mikono. Kwa wazee wengi kioo kile kilikuwa kigeni, na mtumishi aliitwa asaidie hadi ndani ya siri yenyewe. Baraza la Maaskofu, lililokuwa na wachunguzi 40,000, lilikusanya matokeo kutoka biro ilikowaweka watu wake, kisha likasema kwamba hayalingani na yale yaliyotangazwa tarehe 10 Januari 2019. Matokeo ya biro moja moja ya mwaka ule tume haikuyachapisha. Karatasi za mlangoni zilikuwa zimekwisha kusomwa, zikapigwa picha kwa simu, zikanyeshewa. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa Desemba 2023, zilikutwa mashine mikononi mwa watu binafsi, na tume ikafuta kura za wagombea 82, miongoni mwao mawaziri na magavana.

Lakini kisa cha 2018 kinachogusa zaidi watumishi wa biro ni cha mahali ambapo biro hazikufunguliwa. Tarehe 26 Desemba, siku nne kabla ya kura, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi iliyo magharibi, hazitapiga kura hadi Machi. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo ni ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti mwaka ule, na mashambulizi ya watu wenye silaha. Zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika hesabu ya urais. Watu wa Beni walisema kwamba makanisa yalikuwa wazi, masoko yalikuwa wazi, na kampeni zilikuwa zimepita hapo bila ya Ebola kuzizuia.

Basi tarehe 30 Desemba, asubuhi na mapema, walifungua biro zao wenyewe. Hapakuwa na tume, mashine, lakiri wala posho. Vijana waliweka meza na masanduku, wakaweka ndoo za maji ya klorini mbele, na foleni ikajipanga. Kila aliyefika alinawa mikono kwanza, akaandika jina la mgombea wake kwenye karatasi, akaitia sandukuni. Mezani waliketi watu ambao hakuna aliyewateua, wakifanya kwa utaratibu ule ule walioujua tangu 2006: mmoja mmoja, karatasi moja kwa mtu mmoja, hesabu mbele ya macho ya wote. Martin Fayulu aliongoza kwa wingi. Kisheria kura hizo hazikuwa na uzito hata wa karatasi zilizoandikwa.

Rais mpya aliapishwa Kinshasa tarehe 24 Januari 2019. Tarehe 31 Machi biro rasmi zilifunguliwa Beni na Butembo, na walimu wakarudi nyuma ya meza. Kwenye kioo kulikuwa na nyuso za wagombea wa bunge la taifa na za wagombea wa baraza la jimbo.